Ukitafuta Bisibisi, Nenda Mambrui

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni, hata mimi nimecheka. Miaka minane nimekuwa mpiga bastola wa mbio za shule huku kwetu, kuanzia Malindi mjini mpaka Kilifi ya ndani ndani. Sasa nimemaliza chuo na nimepata kazi ya ualimu Vitengeni, na sheria yetu ni moja: mwalimu mwenye watoto wake mbioni hashiki bastola. Basi nimeirudisha. Hakukuwa na karamu wala saa ya ukutani. Kulikuwa na soda moja, tena ya moto.

Haya nawaandikia nyinyi mtakaolibeba lile sanduku la bati la bastola baada yangu. Naandika haraka haraka kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na bado sijapata hata mahali pa kulala huko Vitengeni. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, waulizeni wengine. Mimi nataka kuwaambia habari ya springi moja, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, iliyonifundisha kipi cha kufanya mwenyewe na kipi cha kumpelekea fundi. Ilinifundisha vibaya kwanza, halafu vizuri.

Jueni kwanza kwamba hii bastola si ya kuumiza mtu. Risasi zake hazina kichwa, ni baruti na moshi na kishindo. Lakini kwa macho ni bastola, na polisi wa kizuizini hana muda wa hadithi zako. Ndiyo maana barua ya ruhusa hutembea nayo popote, kama mtoto mchanga na kadi yake ya kliniki. Msiisahau. Mimi niliisahau mara moja tu, na nikamweleza askari mmoja maana ya mita mia kwa saa nzima, mpaka nikamchorea leni mchangani.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa huko huko Vitengeni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, nimekuja kushika utepe tu. Mwalimu Charo, katibu wetu wa michezo ambaye alikuwa ameshaacha kufundisha darasani, ndiye aliyekuwa mpiga bastola, ila siku hiyo bega lilimkataa kabisa.

"Sidi," akaniita, "wewe binti una mkono mrefu. Njoo."

"Nipige saa ngapi, mwalimu?"

"Ukishasema tayari, wangoje. Watulie kama maji mtungini. Wakitulia, piga."

Mimi nikasema "tayari" na kupiga kwa pumzi moja. Mtoto wa leni ya pili alikuwa bado anamtafuta mama yake kwa macho. Nyuma yangu kulikuwa na mama anayeuza kuku kwenye tenga, na ule mlio ukalipindua tenga. Kuku wakaingia mbioni na watoto. Jogoo mmoja mwekundu alimaliza mbele ya leni ya tatu, na watu walimshangilia kuliko mshindi.

Mwalimu Charo alikuja pole pole, ameshika bega. "Una haraka wewe, kama mtu aliyeacha chungu motoni."

"Nirudi kwenye utepe?"

"Rudi kwa kuku wa watu kwanza. Ukimaliza kuwakamata, urudi hapa tuanze upya."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuninyang'anya kazi, alinifundisha. Mkono uinue wima, usiukunje, kwa sababu walioshika saa kule mwisho hawaanzi kuhesabu kwa mlio. Wanaanza kwa moshi. Mlio huchelewa njiani, moshi hauchelewi. Pamba iingie masikioni kabla ya mbio ya kwanza, si baada ya kichwa kuuma. Na usivae shati jeupe, moshi utapotea. Hayo niliyashika upesi. Kungoja ndiko kulikonishinda. Wale watoto wakiwa wameinua viuno, vidole vinatetemeka kwenye mstari, mimi kidole changu kilikuwa kimeshavuta.

Mwaka wa pili nilikuwa naachiwa sanduku peke yangu. Tulifanya mashindano Marereni, uwanja uko karibu na mashamba ya chumvi, na wachezaji wengi ni watoto wa vibarua wa hapo. Watoto wale wana mbio! Ardhi ni ngumu kama sinia, jua linapiga chini na juu. Nilipiga bastola asubuhi hadi jioni, nikaifunga sandukuni bila kuifuta, nikaenda kula viazi karai. Wiki mbili baadaye nilipofungua, ilikuwa na madoadoa ya kutu. Nikaijaribu, nyundo ikalegea kama mdomo wa mlevi. Springi ilikuwa imekatika.

Ofisi yetu ilikuwa na springi mpya ndani ya bahasha, imewekwa kwa siku kama hiyo. Amri ya Mwalimu Charo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu ndani ya kifuniko cha sanduku: bastola haifunguliwi na mtu ila Fundi Shee.

Huyu Fundi Shee anakaa Mambrui. Zamani alikuwa fundi wa silaha kwenye kikosi cha serikali, na leseni yake ameitundika ukutani. Silaha za raia huku kwetu ni chache, kwa hiyo siku nyingi hutengeneza cherehani. Hana haraka na kitu chochote duniani. Ukimpelekea kitu leo, atakuuliza habari za nyumbani kwenu mtu mmoja mmoja, atakuletea halua na kahawa, atakisifu kitu chako, halafu atakwambia urudi Jumanne ya wiki ijayo. Ukirudi Jumanne, atauliza tena habari za nyumbani.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na mashindano mengine yalikuwa Alhamisi. Springi ninayo. Bisibisi iko kwa kaka yangu. Niliketi kwenye kiti cha ofisi nikajiuliza: niende Mambrui nikale halua nikose mashindano, au nifungue mwenyewe? Skrubu ni mbili tu. Nimewahi kufungua jiko la stima, nimewahi kufungua redio. (Redio haikurudi, lakini hilo sikulikumbuka.)

Nikafungua. Jasho lilinitoka kama mama anayejifungua. Springi ya zamani ikatoka vipande viwili, mpya ikaingia, ikaruka, nikaitafuta chini ya kabati, ikaingia tena. Nikafunga skrubu zangu mbili. Nikatia risasi, nikatoka nyuma ya ofisi, nikainua mkono.

Paa!

Wallahi nilicheza. Nilicheza peke yangu nyuma ya ofisi na moshi kichwani. Sitawadanganya kwamba sikufurahi, na sitawaambia kwamba kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako hakina utamu. Kina utamu mno, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwalimu Charo aliniuliza kwa simu, "Bastola vipi?"

"Iko sawa, mwalimu."

"Alhamdu, huyu Shee siku hizi amekuwa mwepesi."

Mimi nikanyamaza. Sikusema uongo hata neno moja, nilinyamaza tu. Kunyamaza nako kuna uongo wake.

Bastola ikafanya kazi Alhamisi, ikafanya kazi wiki iliyofuata, ikafanya kazi mwezi mzima. Nikawa natembea kifua mbele. Nilimwona Fundi Shee sokoni Malindi nikamsalimia, shikamoo fundi, na moyoni najisemea: baba, kazi yako naiweza.

Sasa njooni mwezi wa saba, tuingie Kaloleni.

Lakini kabla ya Kaloleni niwaambie habari ya chupa ya mama yangu. Mama hupaka mafuta ya nazi kila kitu. Nywele, miguu, mlango unaolia, kisu cha kukatia mboga. Na mwezi wa saba kusi likivuma na asubuhi zikipoa, mafuta huganda meupe chupani kama shahamu. Kila asubuhi ya msimu huo nimekua nikisikia sauti moja: "Sidi we! Niwekee chupa juani, mafuta yamelala!" Tangu niko darasa la kwanza nimekuwa nikiiamsha ile chupa. Hakuna mtoto wa huku asiyelijua jambo hili.

Siku moja kabla ya Kaloleni, saa nane mchana, jua kali Malindi, nikaona bastola imekauka. Mafuta ya Fundi Shee yalikuwa yamekwisha, na ningeenda kumwomba mengine angeniuliza mbona sijaja muda mrefu. Nikatazama dirishani. Chupa ya mama iko juani, mafuta yameyeyuka, mepesi kama maji. Nikadondosha matone matatu kwenye nyundo. Yakaingia vizuri! Bastola ikawa laini, inanukia kama harusi.

Mnaona nilichofanya? Mimi sikukiona.

Kaloleni iko juu vilimani. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, walimu wamevaa sweta, chai inamiminwa vikombeni inatoa moshi kuliko bastola. Mbio ya kwanza ilikuwa fainali ya wasichana, mita mia. Washindi wawili ndio wangeendelea hadi mashindano ya kaunti. Leni ya kwanza, hatua nne tu kutoka miguuni pangu, alikuwa msichana anaitwa Kadzo, kidato cha kwanza, mwembamba, ametoka shule ambayo haikuwahi kufika fainali ya kitu chochote. Mwalimu wao na wanafunzi wao wote walikuwa wamejipanga kwenye kamba, wameshaanza kuimba.

"Kwenye mstari!"

Wakapiga magoti.

"Tayari!"

Viuno vikapanda. Nikangoja, siku ile nilingoja vizuri. Wakatulia kama maji mtungini. Nikavuta.

Nyundo ikashuka pole pole kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo. Ikagusa risasi: tk.

Basi, tk tu. Wala moshi, wala kishindo. Lakini Kadzo alikuwa karibu nami na masikio yake yalikuwa yote kwangu, akaisikia ile tk. Akaruka. Alikimbia mita thelathini peke yake, kichwa chini, kabla ya kugundua kwamba yuko peke yake. Wale wengine saba walikuwa bado wameinama.

Kelele zikapanda. Mwalimu wa shule nyingine, jitu zima lenye kipenga, anaruka ruka: "Leni ya kwanza nje! Ameiba mbio! Nje!" Sheria yetu haina huruma, ukitoka kabla ya mlio mara moja, umetoka. Mwalimu Charo alikuwa refa mkuu. Nikamwona anaingiza mkono mfukoni kutoa kadi nyekundu.

Kadzo alisimama pale njiani, akageuka akanitazama. Alinitazama tu, kwa sababu uwanja mzima ni yeye na mimi tuliojua kwamba nimevuta.

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi. Ningenyamaza, Kadzo angetoka, ningeifuta bastola chooni, ningeendelea na kazi. Nikisema, wataifungua. Wakiifungua watajua fundi hakuiona, na kazi nitaiaga, mimi nisiye hata na cheti cha ualimu. Mtu mtulivu angesimama akayapima haya yote, na pengine mizani ingemwelemea vibaya. Mimi sikuyapima. Haraka yangu, ile iliyomtoa jogoo tengani, siku hiyo ilinifaa. Mdomo ulifunguka kabla akili haijafika.

"Mwacheni! Nimevuta mimi! Bastola haikulia!"

Mwalimu Charo akaja, kadi bado iko mkononi.

"Haikulia kwa nini? Shee alisemaje?"

"Fundi Shee hakuiona."

"Nani aliifungua?"

"Mimi."

Akaisogezea pua yake. "Na hii ni harufu ya nini?"

"Mafuta ya nazi, mwalimu."

Akatazama manyunyu. Akatazama sweta yake. Nikaona inamwingia pole pole, na wakati ule ule ikaniingia na mimi. "Sidi," akasema kwa sauti ya chini, "mwezi wa saba? Kaloleni?"

"Yamelala," nikasema.

Nadhani alitaka kukasirika, lakini mabega yalianza kumtikisika, hata lile bovu. Akairudisha kadi mfukoni, akanipa mbao mbili za kugonganisha, zile za akiba. Nikaanzisha fainali kwa kugonga mbao kama mtu anayefukuza nyani shambani. Kadzo alimaliza wa tatu. Nimeshawaambia walioendelea ni wawili. Lakini shule yao iliimba mpaka chai ikaisha, kwa sababu wa tatu ni wa tatu, na kwao haijawahi kuonekana.

Baada ya mbio Mwalimu Charo akanyoosha mkono. "Sanduku."

Nikampa.

"Msimu huu utapiga reki mchanga wa kuruka."

Nikaupiga. Mpaka msimu unaisha nilikuwa nasawazisha mchanga kila mtoto akitua, na mgongo wangu bado unaukumbuka. Lakini Jumanne iliyofuata alinichukua hadi Mambrui, ameshika sanduku yeye mwenyewe.

Fundi Shee alitukaribisha, akauliza habari za nyumbani mtu mmoja mmoja, akaleta halua. Halafu akafungua sanduku, akanusa.

"Mwalimu Charo, hii inatoka mbioni au inatoka kwenye wali?"

"Muulize binti."

"Bibie, uliikaanga au uliichemsha?"

Nikainamisha kichwa. Wakacheka wote wawili mpaka fundi akavua miwani. Alipomaliza, akaifungua bastola juu ya kitambaa cheupe, akaitazama springi yangu muda mrefu. Nilitamani kumwambia afanye upesi nipate aibu yangu niende.

"Springi umeiweka vizuri," akasema.

Nikainua kichwa.

"Ngoja, usicheke bado." Akaigeuza, akagusa skrubu moja kwa ncha ya kucha. Ikazunguka. Kwa kucha! "Hii imebakisha nyuzi mbili itoke. Ungepiga mara kumi hivi, ubavu huu ungefunguka mkononi mwako, na ukiinua mkono, shavu lako liko hapa. Mwezi mzima umeona ni ufundi. Ilikuwa bahati, bibie, na bahati haikazi skrubu."

Nikalishika shavu langu. Mpaka leo nikisikia mlio wa bastola mkono huenda wenyewe.

Sikumwomba anifundishe. Yeye ndiye aliyesema, "Njoo Jumanne. Kufungua sitakufundisha, leseni huna. Kutunza nitakufundisha." Nikaenda Jumanne nyingi. Alinionyesha kufuta chumvi siku hiyo hiyo, kwa tambara kavu halafu tambara la mafuta ya cherehani, tone moja, si matatu. Alinifundisha kusikiliza nyundo kwa sikio, ikianza kuvuta miguu nijue. Na alinifundisha kukaa, kwa kuwa kila nilipouliza "tayari?" alileta halua.

Kwa hiyo nyinyi shikeni hili. Kitambaa ni chako, tone la mafuta ni lako, kuijaribu kabla ya mashindano pale pale uwanjani, kwenye baridi ya hapo hapo, ni kazi yako. Lakini mkono wako ukianza kutafuta bisibisi, panda gari uende Mambrui. Usijali mashindano ni lini. Mbao mbili zipo.

Msimu uliofuata nilirudishiwa sanduku. Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Marereni, mbio za asubuhi, watoto wanane wa vibarua wa chumvi kwenye mstari, nami nikangoja mpaka nikasikia bendera inapigapiga. Hakuna aliyetangulia mlio. Mwalimu Charo akasema, "Chungu leo hukukiacha motoni," na kutoka kwake hiyo ilikuwa medali.

Wiki iliyopita nimekabidhi, asubuhi ya mashindano. Anayechukua ni Kadzo. Ndiyo, yule yule wa leni ya kwanza, sasa dada mkubwa wa mbio, misimu miwili amekaa mwisho wa uwanja ameshika saa na kutazama moshi wangu. Nilimpa ufunguo, nikampa barua ya polisi, nikamhubiria yote haya niliyowaandikia. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akatia mkono mkobani, akatoa kichupa kidogo, mafuta yameganda meupe ndani.

"Dada Sidi, naona leo kuna baridi. Niipake kidogo?"

Nilimkimbiza nusu ya uwanja.

Kisha akaenda kwenye mstari wake, nami nikaenda kwenye kamba, upande wa watoto wangu wapya wa Vitengeni, kwani walimu wapya tulikuwa tumeombwa kuja nao mapema, kabla shule hazijafunguliwa. Msichana wangu mmoja alikuwa leni ya sita, miguu mitupu, ametoa ulimi. Kadzo akainua mkono wima.

"Tayari!"

Viuno vikapanda. Mimi nimeng'ang'ania kamba, namwambia kimoyomoyo piga, mwanamke, piga sasa. Hakupiga. Wa leni ya sita akarudisha ulimi ndani. Wa leni ya tatu akaacha kutetemeka. Kadzo bado anangoja.

Mimi ningekuwa nimeshapiga zamani.